Njia ya meli ilihama, Sainte-Hélène ikabaki peke yake

Jina la Sainte-Hélène tulilisikia shuleni juu ya Napoléon, mwenye Waingereza walimfunga kule tangu 1815 mpaka kufa kwake 1821. Lakini hatukuambiwa watu wa kile kisiwa walikuwa wanakula nini.

Walikula njia. Kisiwa kiko katikati ya Atlantiki, karibu kilometa 2.000 toka pwani ya Afrika. Meli zenye kutoka India na Uchina zilizunguka Afrika yote, zikapita Cap, zikafika pale na kiu. Zilichota maji, zikanunua mboga na nyama. Mwaka 1855, meli 1.100 zilitua. Mkulima aliuza, seremala alitengeneza, mbeba mizigo alipata franga, mwenye duka vilevile.

Tarehe 17 Novemba 1869, kule Misri, mfereji wa Suez ulifunguliwa. Sainte-Hélène haikupigwa na vita wala tufani. Paka njia njo ilihama. Toka Ulaya mpaka India, maelfu ya kilometa yalipunguka. Meli za moshi nazo hazikuhitaji kusimama pale kama zile za matanga. Mwaka 1889, zilitua 288 tu. Wengi wakafunga mizigo, wakaenda kutafuta kazi Cap na Natal. Nani anapanda meli wa kwanza? Mwenye nguvu. Wazee wanabaki.

Mwaka 1907, serikali ya Waingereza ilifungua kiwanda cha kutoa nyuzi katika majani yenye kufanana na katani. Kazi ikarudi. Kamba za kisiwa zilifunga barua za Posta kule Uingereza. Lakini kisiwa chote kiliegemea tena kitu kimoja. Posta ikachagua kamba za plastiki, na mwaka 1966 kiwanda cha mwisho kikafunga mlango. Watu wakaondoka tena. Ndege za abiria za kawaida zilianza kufika 2017.

Ndugu zangu wafanyakazi, sisi pia tunakaa njiani. Mwaka 1931 reli ya Benguela ilifika Katanga, shaba yetu ikapata njia ya Lobito. Vita ya Angola ikaanza 1975, njia ikafungwa. Uliza watu wa Dilolo. Leo malori yanapita Kasumbalesa, na mama mwenye kupikia mashofere bukari anasomesha watoto kwa ile njia. Sasa wakubwa wanaongea tena Lobito. Ni muzuri, gharama ya kusafirisha itashuka.

Lakini faida ya ule upungufu itaingia mfuko wa nani? Na yule mama, shofere, mbeba mizigo, nani anawawekea kitu pembeni? Sainte-Hélène, hakuna mtu aliuliza mapema. Sisi tuulize sasa, wakati mezani bado kuna viti. Meli ikishageuka, haisikii mtu mwenye kuita toka pwani.