Ducati ya Kericho: Haiba ya Pikipiki za Ulaya na Hesabu ya Kuzitunza

Wiki tatu zilizopita tulifunga safari kutoka Mombasa hadi Kericho kwa ajili ya pikipiki moja. Wasomaji wetu wasistaajabu. Mpwa wetu, kijana wa miaka ishirini na sita afanyaye kazi katika ghala la majani ya chai huko Shimanzi, alikuwa amejiwekea akiba ya shilingi laki saba kwa muda wa miaka minne. Fedha hizo alimwahidi mamake kuwa zingepandisha ghorofa juu ya nyumba yao ya Kisauni. Kisha akaona tangazo: Ducati 848 nyekundu, ya mwaka 2009, inauzwa Kericho kwa laki saba zizo hizo. Tangu siku hiyo habari ya ghorofa haikutajwa tena.

Dada yetu hakutaka kumvunja moyo mwanawe, wala hakuwa radhi aende peke yake. Alituita akatwambia, "Kaka, nenda naye ukakione hicho chombo. Kikiwa ni cha maana, niambie mimi. Kisipokuwa cha maana mwambie yeye, maana mimi hanisikii."

Safari ya bara

Tuliondoka kwa basi la usiku, tukapambazukiwa Nairobi, na adhuhuri ikatukuta tumeshaipita Nakuru. Tulipofika njia panda ya Londiani abiria walinyamaza kidogo. Hapo ndipo jioni ya tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoiacha barabara na kuwavamia wachuuzi, wahudumu wa boda boda na wasafiri waliokuwa kando ya njia, wakafariki watu zaidi ya 50. Mpwa wetu alitazama dirishani asiseme neno.

Baada ya Londiani nchi hubadilika. Mashamba ya chai huanza, kijani kilichokatwa usawa mmoja kama zulia, kilima baada ya kilima. Mji wa Kericho uko kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na aghalabu mvua hunyesha alasiri. Majani ya huku na ya jirani zao wa Bomet ndiyo hayo yanayoshuka kwa malori hadi maghala yetu ya Mombasa, yakauzwa katika mnada wa kila wiki. Mpwa wetu huyapima na kuyapanga magunia yake kila siku, lakini mche wa chai hakuwa ameuona kwa macho yake hata siku moja. Aliposhuka alichuma jani moja la ukingoni mwa shamba, akalinusa, akashangaa kuwa halinukii chai.

Chini ya turubai

Mwenye pikipiki ni mzee wa Kikipsigis aliyestaafu ufundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Tulimwamkia "Chamgei" kwa matamshi yetu ya pwani, akacheka, akatukaribisha chai ya maziwa kabla ya neno lolote la biashara. Kisha akatupeleka bandani, akaliondoa turubai.

Tukiri ukweli: ilikuwa nzuri. Hata sisi, ambao katika umri huu hatuna haja na chombo cha magurudumu mawili, tulijikuta tunaizunguka. Tangi lake jekundu limebonyea pale yanapokaa magoti. Gurudumu la nyuma limeshikwa kwa mkono mmoja tu wa chuma, hivi kwamba ukisimama upande wa pili waliona lote wazi, kana kwamba linaelea. Ekzosi mbili zimepita chini ya kiti na kuchomoza nyuma kama macho. Mzee alipoiwasha, mngurumo wake ulikuwa mzito na wa kukatika-katika, tofauti na mlio mwembamba wa pikipiki tulizozoea. Watoto wa jirani walikuja mbio. Mpwa wetu aliweka mkono kwenye tangi na hakuuondoa.

Haiba hii ina asili yake. Kampuni ya Ducati iliasisiwa mwaka 1926 katika mji wa Bologna, Italia, nayo hapo mwanzo haikuunda pikipiki bali vifaa vya redio. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waitalia wakiwa hawana uwezo wa kununua magari, ilianza kutengeneza injini ndogo ya kufungwa kwenye baiskeli, ikaitwa Cucciolo, yaani kitoto cha mbwa, kwa sababu ya mlio wake. Tukizingatia kwamba boda boda zetu nazo zilianzia kwenye baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia katika miaka ya 1960, tutaona kuwa matajiri na maskini wa magurudumu mawili wana nasaba moja.

Kilichoipa Ducati sifa yake ni ufundi wa mhandisi wao Fabio Taglioni. Katika injini ya kawaida, vali hufunguliwa kwa nguvu na kurudishwa na springi. Injini ikienda kasi mno, springi hushindwa kuirudisha vali kwa wakati. Taglioni, katika pikipiki ya mashindano ya mwaka 1956, aliitenga springi na kuweka mkono mmoja wa chuma wa kuifungua vali na mwingine wa kuifunga. Ufundi huo umeleta ushindi mwingi viwanjani, ukiwemo ubingwa wa dunia wa Casey Stoner mwaka 2007. Lakini, kama tutakavyoona, huohuo ndio chanzo cha bili.

Daftari la mzee

Tulidhani muuzaji atatusifia bidhaa yake. Badala yake, mzee aliingia ndani akarudi na daftari la shule lenye jalada la buluu. Ndani yake alikuwa ameandika kila shilingi aliyoitumia tangu ainunue, kwa miaka mitatu na kilomita 9,000.

Matairi mawili, 56,000. Alitueleza kuwa mpira wa tairi la nyuma ni laini ili ushike lami, na kwa ulaini huo huisha upesi. Lake lilikwisha kabla ya kilomita 6,000. Mikanda ya injini pamoja na kupimwa vali, 95,000. Mikanda hiyo ni ya mpira, nayo katika injini ya namna hii yatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama pikipiki imesimama bandani. Ukikatika mmoja injini ikiwa mbioni, vali na pistoni hugongana na injini huharibika. Vali nazo zatakiwa kupimwa kila kilomita 12,000, kwa nafasi ndogo zinazohesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, na kwa mkono wa fundi anayejua mikono ile miwili ya Taglioni. Fundi huyo hayuko Kericho. Kila mara pikipiki ilipandishwa kwenye pikapu ikapelekwa Nairobi.

Betri, cheni na meno yake, 58,000. Bima na usafirishaji, 70,000. Kisha ukurasa ulioandikwa kwa kalamu nyekundu: 110,000. Hiyo ilikuwa siku ya mvua ya mawe karibu na Litein. Mzee hakuwa mbioni. Gurudumu la mbele liliteleza kwenye majani ya chai yaliyomwagika barabarani kutoka kwenye lori, akaanguka upande mmoja. Yeye alivimba bega tu, lakini maganda ya plastiki, kioo, mkono wa klachi na spea nyingine ndogo ndogo zilibidi kuagizwa Ulaya, na zilipofika bandarini zikalipiwa ushuru na VAT ya asilimia 16.

Jumla: shilingi 389,000. Ukigawa kwa kilomita zile 9,000, kila kilomita ilimgharimu shilingi 43, kabla ya petroli.

"Sasa tuhesabu kwa lugha ya hapa," mzee alimwambia mpwa wetu. Tuseme kilo ya majani mabichi hulipwa shilingi 25 kabla ya bonasi ya Oktoba. Shilingi 389,000 ni kilo 15,560. Mchumaji wa mkono akichuma kilo 40 kwa siku, hizo ni siku 389 za kuinama shambani. "Mimi ninazo ekari mbili na pensheni," alisema. "Pikipiki hii ilikuwa inakula ekari moja."

Jirani yake wa Kihindi

Kando ya Ducati ilisimama Boxer ya Bajaj, ambayo mwanawe mzee hubebea maziwa. Injini yake ina nguvu za farasi 12 hivi, ilhali Ducati ile ina 134. Tairi lake hupatikana katika kila soko kutoka Kericho hadi Bomet, na fundi wake yuko chini ya mti wowote. Pikipiki za aina hii zilienea nchini hasa baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zenye injini chini ya cc 250.

Liko jambo ambalo wapenzi wa pikipiki za Ulaya hawalitaji sana. Kampuni hiyo ya Bajaj, ambayo vijana wetu huidharau kwa kuwa ni ya boda boda, imekuwa na hisa katika KTM ya Austria tangu mwaka 2007. TVS, mwenziwe katika biashara ya boda boda, iliinunua Norton, jina kongwe la Uingereza, mwaka 2020, nayo pia huiundia BMW pikipiki ndogo nchini India. Wenye chombo cha bei rahisi ndio waliowanunua wenye chombo cha fahari.

Barabara ya kurudia

Mzee alitushauri turudi kwa njia ya Litein, Kapkatet, Bomet na Narok, ili kijana aone kinachowaleta waendeshaji wa Nairobi huku mwishoni mwa wiki. Hakika ni njia ya kupendeza: lami hupinda na kupanda kati ya mashamba, hewa ni baridi, na kila kona hufungua bonde jipya. Lakini tulipokuwa kwenye matatu tulianza kuhesabu pamoja. Punda wenye madumu ya maji. Boda boda zenye mitungi ya maziwa. Akina mama wamesimama na magunia ya majani kwenye vituo vya kuuzia, futi chache kutoka kwenye lami. Malori yanayoingia na kutoka viwandani na matope magurudumuni. Watoto wa shule. Ukomo wa mwendo mijini ni kilomita 50 kwa saa, na chombo kile huuvuka kabla gia ya kwanza haijafika nusu yake. Fauka ya hayo, katika kimo hiki hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ya kwetu pwani, hivyo sehemu ya nguvu zile zilizolipiwa haifiki hata gurudumuni.

Tulipokuwa tukiagana, mpwa wetu alikuwa amemwuliza mzee kama angepunguza bei. Mzee alimjibu kwa swali: "Una kiasi gani zaidi ya laki saba?" Kijana akasema hana. "Basi siwezi kukuuzia, kijana wangu. Ukiwa na laki saba peke yake, uwezo wako ni pikipiki ya laki tatu na nusu. Nusu ya pili ni ya kuitunza. Ukinipa zote, mwaka ujao utaniletea nikununulie kwa bei ya huruma, na sipendi kumfanyia hivyo mtoto wa mtu."

Maneno hayo tuliyazingatia hadi Mai Mahiu. Wafanyabiashara wangapi wamemrudisha mteja aliyekuja na fedha taslimu mkononi?

Kwa wazazi na vijana

Hatuandiki haya ili kuwakataza vijana kupenda kilicho kizuri. Kijana anayekipenda chombo kilichoundwa kwa ustadi hana kosa, na mwenye uwezo wa kukinunua na kukitunza, akavaa kofia ngumu, glovu na buti, akaheshimu barabara, hatuna la kumlaumu. Tunachoomba ni kwamba hesabu ifanyike kabla ya kununua, na ifanyike mezani pamoja na wale ambao fedha hizo ziliahidiwa kwao.

Yaulizwe mambo manne. La kwanza, mikanda ilibadilishwa lini na vali zilipimwa lini, na risiti ziko wapi? Neno la mdomo lisikubaliwe. La pili, fundi aijuaye yuko mji gani, na chombo kitafikaje kwake kikiharibika? La tatu, bima ya kufidia chombo chenyewe ni kiasi gani kwa mwaka, si ile ya kufidia wengine tu? La nne, baada ya kulipa bei, imebaki akiba isiyopungua nusu ya bei hiyo? Jibu la hili la nne likiwa ni hapana, yale matatu hayana haja ya kuulizwa.

Tulipofika Kisauni usiku wa pili, dada yetu alikuwa macho. Hakutuuliza sisi, alimtazama mwanawe. Kijana alitoa simu akamwonyesha picha ya ile Ducati. Dada yetu aliitazama kwa makini, akaikuza kwa vidole, akasema, "Waama ni nzuri." Nadhani ndilo neno ambalo kijana alikuwa akilingoja tangu mwanzo. Alikaa kitambo, kisha akamwuliza mamake nondo za ghorofa zingehitajika ngapi.

Mafundi walianza kazi Jumatatu iliyopita. Picha ya pikipiki ingali kwenye simu yake, na mzee wa Kericho amempigia mara moja kumjulisha kuwa bado haijauzwa.