Kwa nini kuambiwa 'acha mawazo' hakusaidii, na kwa nini uanze na pumzi

Saa tatu usiku meseji inaingia. Ni bosi: "Kesho ukifika pitia kwangu." Hakuna salamu wala sababu. Ikifika saa sita, kichwani umeshafukuzwa kazi, kodi imekushinda na umerudi kwa wazazi na begi lako.

Meseji ilikuwa na maneno manne tu. Hayo mengine umeyaongeza mwenyewe.

Ukimsimulia mtu, jibu unalijua: "Acha mawazo bwana." Ingekuwa rahisi hivyo, wengi tungekuwa tumelala. Hata lugha yetu inajua ugumu huu. Ukisikia fulani "ana mawazo", hudhani hata kidogo kwamba ni mawazo ya furaha.

Kwa hiyo kwa nini wazo baya ni gumu kung'oka? Na kutuliza mwili kunaingiaje hapa?

Ubongo huliona baya kwanza

Mwaka 2001, mwanasaikolojia wa Marekani Roy Baumeister na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti nyingi kuhusu jambo hili. Walichokiona ni kwamba mabaya yana nguvu kuliko mazuri karibu kila mahali: kwenye hisia, kwenye mahusiano, hata kwenye kujifunza. Ndiyo maana unaweza kupata pongezi kumi kwenye picha yako, halafu ukalala unawaza komenti moja ya kejeli.

Maelezo yanayotolewa sana ni ya usalama. Ukidhani kijiti ni nyoka, utaruka bure na kuchekwa. Ukidhani nyoka ni kijiti, unaweza kufa. Ubongo umechagua kuchekwa.

Kwa hiyo kuwaza vibaya hakumaanishi una roho nyepesi au imani ndogo. Ni mlinzi wako wa ndani, ila huyu anapiga filimbi hata paka akipita.

Ukilifukuza, linarudi

Wengi hujaribu kulisukuma wazo litoke. Mwaka 1987, mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaomba wanafunzi wasimuwaze dubu mweupe kwa dakika 5, na wagonge kengele kila dubu huyo akiwajia kichwani. Kengele ziliendelea kulia. Baadaye waliporuhusiwa kumuwaza, walimuwaza kuliko kundi lililoruhusiwa tangu mwanzo.

Sababu aliyoitoa Wegner inaeleweka kirahisi: ili ubongo uhakikishe humuwazi dubu, lazima uendelee kukagua kama dubu yupo. Sasa badala ya dubu weka "nitafukuzwa kazi".

Halafu kuna mazoea. Wazo linalorudiwa kila siku ni kama kinjia cha kukatiza uwanjani. Hakuna aliyekichonga, ila kwa kupitwa kila siku kimekuwa ndiyo njia. Kesho mguu unakifuata bila kuulizwa.

Mwili nao unachochea moto

Hapa ndipo ushauri wa "acha mawazo" unapokwama. Wazo la hatari haliishii kichwani. Sehemu ya ubongo inayoitwa amigdala inapohisi tishio, mwili unamwaga homoni kama adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, mabega na taya vinakaza. Uko tayari kupigana au kukimbia, na wakati huo umelala kitandani na simu mkononi.

Kisha mzunguko unaanza. Ubongo unasoma hali ya mwili: moyo unadunda, basi lazima kuna hatari. Unatafuta hatari hiyo, unapata wazo jingine baya, moyo unazidi.

Na msongo ukipanda sana, sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo kwa utulivu, hufanya kazi vibaya. Ndiyo maana mtu akikuambia "labda anataka ripoti tu", unamsikia lakini haikuingii. Hoja ni nzuri, ila imefika wakati msikilizaji amejaa hofu.

Kutulia kunafanya nini hasa

Huwezi kuuamuru moyo upunguze kasi. Pumzi unaweza. Unapotoa pumzi polepole, mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaotoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, hupunguza kasi ya mapigo. Mwili unapata ishara kwamba hali ni shwari.

Si jambo jipya. Daktari wa Marekani Edmund Jacobson alichapisha njia yake ya kulegeza misuli mwaka 1929. Mwaka 1975, Herbert Benson wa Harvard alieleza kwamba hata kurudia neno au sala kwa utulivu huushusha mwili. Wanaosali rozari au kuvuta uradi huenda wanaujua utulivu huo.

Lakini tuelewane: kutulia hakufuti wazo baya. Kunapunguza kelele ili uweze kulikagua. Kukagua huko ndiko alikojenga tiba yake Aaron Beck, daktari wa akili aliyeona miaka ya 1960 kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo mabaya yanayokuja yenyewe, nao wakiyaamini bila kuyahoji.

Jaribu hivi

1. Pumzi. Vuta hewa kwa puani ukihesabu hadi 4, toa taratibu ukihesabu hadi 6. Fanya kwa dakika 5. Usivute kwa nguvu. Kizunguzungu kikija, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida.

2. Misuli. Kunja ngumi kwa sekunde 5, achia kwa sekunde 15. Kisha mabega, uso, tumbo, miguu. Penye maumivu paruke.

3. Sasa lihoji wazo. Liandike kama lilivyo: "Bosi atanifukuza." Jiulize: ushahidi ni upi? Kuna maelezo mengine? Rafiki yangu angepata meseji hii, ningemwambia nini?

Fuata mpangilio huo. Na usisubiri usiku wa hofu ndipo ujaribu. Fanya hata siku ukiwa poa, ili mwili uzoee. Kinjia kipya nacho hutengenezwa kwa kupitwa.

Usichotegemea

Pumzi hailipi deni. Kama wazo lako linahusu tatizo la kweli, utulivu ukusaidie kupanga hatua, si kulikwepa. Pia wapo ambao wakifumba macho na kukaa kimya wasiwasi ndiyo unapanda. Ukiwa hivyo, acha macho wazi, au tembea taratibu.

Na kama huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kumedumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huku usingizi, hamu ya kula au kazi vikiyumba, hiyo inaweza kuwa sonona. Nenda kituo cha afya ueleze wazi. Kwa Tanzania, hospitali kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe jijini Dodoma zina wataalamu wa afya ya akili, na kituo cha karibu kinaweza kukupa rufaa.

Ukianza kuwaza kujidhuru, usibaki peke yako na usisubiri kesho. Mwambie mtu unayemwamini leo hii, akupeleke hospitali. Na ukiambiwa wewe maneno hayo, usijibu "acha mawazo". Kaa naye, msikilize, kisha ongozana naye.