Ukistaafu, Uhamie Wapi: Kitale au Bungoma?

Katika vikundi vyetu swali moja hurudi kila mara mwanachama anapokaribia kustaafu: baada ya kazi, twende tukaishi wapi? Wengine wamekaa Nairobi au Mombasa miaka 30 na hawana shamba. Wengine wana kipande cha baba, lakini ndugu ni wengi. Basi wanapita Kitale, wanaona mahindi yamesimama na Mlima Elgon nyuma yake, wanasikia bei, wanasema, "Hapa ndipo!"

Sisi hatusemi wamekosea. Lakini tunataka kueleza jambo moja: shamba likiwa rahisi kuliko ya jirani, kuna sababu. Kazi yako ni kuijua sababu hiyo kabla pesa haijatoka mfukoni. Wafanyakazi wengi wa serikali hustaafu wakiwa na miaka 60, tangu umri huo ulipoongezwa kutoka 55 mwaka 2009. Kijana akipoteza pesa ya ploti, atatafuta nyingine. Mzee akipoteza kiinua mgongo, amepoteza jasho la maisha yote.

NCHI YENYEWE IKOJE

Kitale iko juu, karibu mita 1,900. Usiku kuna baridi, mchana hewa ni nzuri. Mahindi hupandwa mara moja kwa mwaka, mvua zinapoanza Machi au Aprili, na kuvunwa kuanzia Oktoba. Kwa hiyo pesa ya mahindi huja mara moja tu, na mbolea hununuliwa mapema. Anayetaka kuishi kwa shamba lazima awe na ng'ombe wa maziwa, kuku au mboga za kumvusha miezi mingine. Kwa uzuri wa macho hakuna shida: Elgon yenye mita 4,321 iko upande wa magharibi, milima ya Cherangany mashariki, na kwenye njia ya Kapenguria kuna Saiwa Swamp, hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Kenya.

Mji wa Bungoma uko chini zaidi, karibu mita 1,400. Kuna joto zaidi, na malaria pia ni zaidi. Lakini wengi hupanda misimu miwili, na shamba dogo hutoa mahindi, maharagwe, ndizi na viazi vitamu. Barabara kuu ya Malaba inapita Webuye na Bungoma, kwa hiyo matatu hazikosekani. Anayependa baridi hupanda juu hadi Kapsokwony, na anayependa maji huenda kuona maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye.

KWA NINI SHAMBA NI RAHISI

Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya uhuru mwaka 1963, mengine yaligawiwa watu kwa skimu za serikali, na mengine yalinunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika, watu wakichanga hisa. Shamba kubwa moja, hati moja. Mahali pengine hati hiyo, ambayo watu huiita hati ya mama, bado haijagawanywa. Anayekuuzia anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, amelima hapo miaka 40, lakini alicho nacho mkononi ni karatasi ya hisa. Ukimlipa, umenunua nafasi yake kwenye foleni, hujapata shamba bado.

Bungoma tatizo ni lingine. Mashamba mengi ni ya ukoo. Hati ipo, lakini jina lililoandikwa ni la babu aliyefariki zamani. Wajukuu wamegawana kwa mdomo, na mmoja anauza "sehemu yake". Kwa Sheria ya Urithi, mali ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama iteue wasimamizi na kuwathibitisha. Kuiuza kabla ya hapo ni kosa la kushtakiwa. Mara nyingi mnunuzi anajua haya siku ya kuchimba msingi, shangazi wa familia anapofika na kusema hakuulizwa.

Sababu ya tatu ni mteremko. Mahali penye kuonekana mbali ni mahali penye kuporomoka pia. Machi 2010, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, udongo ulifunika kijiji cha Nametsi huko Bududa. Novemba 2019 maporomoko ya Pokot Magharibi, kaskazini mwa Kitale, yaliua watu zaidi ya 40. Angalia mteremko ulio juu ya nyumba, si ule wa chini tu. Kama miti imekatwa na udongo umepasuka, usijenge.

Na kuna historia. Vita vya mwanzo wa miaka ya 1990 viliwafukuza watu wengi mashambani Trans Nzoia na Bungoma, na ugomvi wa skimu ya Chebyuk ulizaa umwagaji damu Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008. Hatukumbushi haya ili kuamsha chuki. Tunasema: uliza nani aliishi hapo kabla, na kwa nini aliondoka.

HATUA KABLA YA KULIPA

1. Kaa kwanza. Panga nyumba miezi sita, na Januari na Februari zikiwemo. Hapo utajua kisima kinakauka lini, na mgonjwa wa usiku anafikaje hospitali.

2. Chukua nambari ya shamba, uende mwenyewe ofisi ya ardhi ya Kitale au Bungoma ukaombe upekuzi wa hati. Utaona jina la mwenye shamba, ukubwa wake, na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Nakala ya dalali haitoshi.

3. Leta mpima ardhi, mtembee mpakani pamoja na majirani. Jirani asiyetaka kuja ana neno, mtafute.

4. Zungumza na mke au mume wa muuzaji. Kwa sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013, mali hiyo haiuzwi bila kibali cha wote wawili. Na wewe pia, usinunue kwa siri nyumbani kwako.

5. Shamba la kilimo lazima lipate kibali cha Bodi ya Ardhi. Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba uandikwe, la sivyo mkataba wenyewe unaweza kuhesabiwa bure.

6. Lipa kwa benki, kwa awamu, mbele ya wakili. Awamu ya mwisho ingoje karatasi za kuhamisha jina. Mkataba wa kwa chifu ni ushahidi mzuri, lakini haukupi hati.

PESA ISIISHIE KWENYE UDONGO

Mtu akinunua ekari tano kwa pesa yote, atazitazama tu, maana hana ya mbegu wala ya kibarua. Afadhali ekari moja yenye maji na njia, na akiba ibaki. Nyumba iwe ndogo, karibu na barabara ambayo boda boda hupita hata wakati wa matope. Usitegemee nyumba za kupanga katika mji wenye kiwanda kimoja: kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, mji mzima ulitikisika.

Kumbuka pia matibabu. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya iko chini ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Asiye na mwajiri hujisajili na kulipa mwenyewe, basi weka pesa hiyo kando.

Mwisho ni majirani. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mstaafu akiingia kikundi, akachangia na kuzika pamoja na wengine, atakuwa na watu wa kumshika mkono akizeeka. Na sisi wenyeji tuna deni: tukijua shamba lina kesi, tusinyamaze eti ni biashara ya mwenzetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni mashamba gani kwetu bado yako chini ya hati ya mama? Tufanye nini pamoja ili yagawanywe?
2. Ni familia ngapi kati yetu zina hati yenye jina la marehemu? Nani ataanza kwenda mahakamani?
3. Mgeni akija kununua, nani katika kikundi atamwambia ukweli?