Je, Wajua? Miguu Inayochoka Jua Likizama

Kuna mtoto anayeamka akitembea vizuri, lakini kufika jioni miguu imepinda na kukakamaa hata hawezi kusimama. Akilala usingizi, kesho asubuhi anatembea tena. Huo ni ugonjwa wa Segawa, wenye jina la Masaya Segawa, daktari wa watoto wa Japani aliyeueleza miaka ya 1970. Huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana.

Ubongo wa mtoto huyo hautengenezi dopamini ya kutosha. Dawa yake ni levodopa, ileile wanayopewa wazee wenye ugonjwa wa Parkinson, tena kwa dozi ndogo. Wapo watoto waliokuwa wakibebwa, wakatembea ndani ya siku chache! Na dawa haiishi nguvu: huwasaidia kwa miongo mingi.

Kinachouma ni kwamba wengi hudhaniwa wana mtindio wa ubongo, wakakaa miaka bila kuipata dawa hiyo.

Hata upupu, huuhuu unaowasha, una levodopa hiyohiyo kwenye mbegu zake. Lakini usimpe mtoto mbegu hizo. Kiasi cha dawa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na dozi ya mtoto hupangwa na daktari.