Ua la Msituni Kivulini mwa Nyumba

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii inamwafiki anayelitafuta ua liitwalo urujuani wa Afrika katika makao yake ya asili. Mmea huu wa kudumu huota kwenye nyufa za miamba yenye unyevu, chini ya miti mikubwa, katika milima ya Usambara nchini Tanzania na sehemu chache za Kenya, ukiwemo mlima Mbololo huko Taita.

Mnamo mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani, alimpelekea babake mbegu za mmea huu Ujerumani. Mwaka 1893, Hermann Wendland aliupa jina la ukoo wao: Saintpaulia. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameuainisha katika jenasi ya Streptocarpus. Jina la urujuani nalo ni tafsiri ya kosa, kwani mmea huu unashabihiana na urujuani wa Ulaya kwa rangi tu, wala si kwa nasaba. Leo unapamba madirisha kote duniani, ilhali kwao misitu inazidi kufyekwa na mimea ya mwituni imo hatarini.

Anayetaka kuukuza nyumbani hana budi kuuigia msitu. Kwanza, jua kali lisiufikie. Baraza lenye mwanga wa kutosha usio wa jua la moja kwa moja hutosha. Pili, udongo uwe mwepesi, uliochanganywa na mboji na mchanga, usiotuamisha maji. Tatu, umwagiliwe kwa kuweka maji kwenye kisahani chini ya chungu, kwa sababu maji baridi huacha madoa kwenye majani. Aidha, katika baridi ya Julai jijini Nairobi, ni bora chungu kiingizwe ndani usiku.

Jambo la kuajabiwa zaidi ni uzazi wake. Jani moja lenye kikonyo, likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, hutoa mizizi, na baada ya miezi miwili au mitatu vichipukizi huchomoza pembeni mwake. Kwa hiyo jani la kuombwa kwa jirani, au chungu kimoja cha kununuliwa kwenye kitalu, hutosha kuijaza baraza nzima. Hakuna hoja, basi, ya kumhalalishia yeyote kuung'oa mmea huu mwambani. Wa nyumbani uzidi, wa Mbololo ubaki Mbololo.