Ugwe wa Mgongo Ukiumia Bila Mfupa Kuvunjika

Ugwe wa mgongo unaweza kujeruhiwa ilhali mifupa yote inayouzunguka ni mizima. Eksirei huonyesha mfupa. Ugwe, unaopeleka amri za ubongo mikononi na miguuni, hauonekani humo. Ndiyo maana picha hutoka safi, bila ufa wala pingili iliyohama, na mgonjwa bado hawezi kuinua mguu. Mwaka 1982 madaktari Dachling Pang na James Wilberger wa Marekani waliyaeleza majeraha ya aina hii kwa watoto, na tangu hapo hujulikana kwa jina la SCIWORA.

Watoto walio chini ya miaka 8 ndio walio hatarini zaidi. Kichwa chao ni kizito, misuli ya shingo bado dhaifu, na kano zao huvutika mno. Uchunguzi wa maiti za watoto wachanga ulionyesha kwamba mgongo waweza kurefuka kwa takriban sentimita 5 bila kuvunjika, lakini ugwe hukatika ukivutwa milimita 6 hivi. Mifupa hurudi mahali pake, ugwe umekwisha kuumia. Kwa mtu mzima, mara nyingi ni shingo iliyochakaa kwa umri inayopinda ghafla kwenda nyuma, ugwe ukabanwa ndani.

Wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, ni eneo la miteremko. Baiskeli zilizopakiwa viazi na ndizi hushuka kwa kasi kuelekea mji wa Gisenyi, na mwendeshaji akirushwa akaangukia uso, shingo hupinda vivyo hivyo. Huruma ya wapita njia huwafanya wamkalishe au wamsimamishe, na hapo ndipo madhara huongezeka. Aachwe alivyolala, kichwa kishikwe kisitikisike, na ambulensi ya SAMU iitwe kwa namba 912.

Kinachoonyesha ugwe wenyewe ni kipimo cha MRI, nacho hupatikana Kigali, katika Hospitali ya King Faisal kwa mfano, takriban kilomita 150 kutoka Gisenyi. Kwa hiyo mikono ya mganga hutangulia mashine: je, mgonjwa anahisi akiguswa? Anasukuma kwa nyayo? Anajua mkojo unapomjia? Mtoto aliyeanguka akisema anasikia ganzi au kama shoti ya umeme ikishuka mgongoni aaminiwe, kwa sababu wapo waliopooza saa kadhaa baadaye, hata siku ya nne.

Kupona hutegemea kilichotokea ndani ya ugwe. MRI isipoonyesha doa lolote, wengi hurudia hali yao ya awali. Uvimbe mtupu nao huacha matumaini makubwa. Damu nyingi ikiwa imevujia ndani, au ugwe umekatika, nguvu hurudi kidogo sana. Mtoto huvalishwa kola ngumu ya shingo, mara nyingi kwa wiki 12, na michezo ya vishindo huzuiwa, kwani kuumia mara ya pili huweza kuwa kubaya kuliko mara ya kwanza. Kwa mtu mzima aliyebanwa ugwe shingoni, kwa kawaida miguu hutangulia kupata nguvu, kisha kibofu, halafu mikono. Vidole huja mwisho.

Wakati huo wote, uuguzi ndio unaookoa maisha. Asiyejigeuza ageuzwe kila saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Kibofu kisichojitoa kitolewe mkojo kwa mpira safi, la sivyo figo huharibika. Viungo vinyooshwe kila siku visije vikakakamaa.

Hata asiyesimama tena anaweza kujipatia riziki: kwenye mpaka wa Gisenyi na Goma ya Kongo, watu wenye ulemavu wa miguu wamevusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu kwa miaka mingi. Kituo cha HVP Gatagara wilayani Nyanza, kilichoanzishwa na padri Joseph Fraipont Ndagijimana mwaka 1960, hutoa mazoezi ya viungo na vifaa vya kutembelea. Familia isingoje mgonjwa apate nafuu kwanza ndipo impeleke kwenye mazoezi, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu hurudi katika miezi 6 ya mwanzo.