Mswaki Usibaki Nyumbani Tukienda Shamba

Masika yakikolea hapa Mchombe nyumba nyingi hufungwa. Watu tuko mashambani, tunalala dunguni, tunalinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Hebu jiulize: ulipofunga mzigo wako ulibeba nini? Jembe ulibeba, sufuria ulibeba, chandarua ulibeba, na sukari ya chai hukuisahau. Mswaki je? Wengi wetu huuacha umechomekwa ukutani nyumbani, na miezi inapita.

Tuelewe kwanza jino linavyooza. Watu husema kuna mdudu anayekula jino. Si uongo mtupu, ila mdudu huyo haonekani kwa macho. Pitisha ulimi juu ya meno asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Ule utando unaoteleza ndio makao ya vijidudu. Tukinywa chai ya sukari, navyo vinakula. Sukari hiyo huigeuza kuwa asidi, yaani kitu kikali kama maji ya ndimu, nayo hulainisha jino kwa muda wa nusu saa hivi. Baadaye mate huanza kurekebisha. Basi anayekunywa chai yake na kumaliza, meno yake hupata nafuu. Anayeshinda dunguni anatafuna muwa toka asubuhi mpaka jioni, meno yake hayapumziki hata kidogo.

Kupiga mswaki ni mara mbili kwa siku. Mara ya usiku ndiyo kubwa, maana tukilala mate hupungua. Ukishapiga mswaki usile tena, kunywa maji tu. Piga taratibu muda wa dakika mbili, nje na ndani, na pale meno yanapokutana na ufizi. Magego ya nyuma usiyasahau, huko ndiko chakula hujificha. Ukimaliza tema povu, lakini usisukutue kwa maji mengi. Dawa ya meno yenye floraidi huimarisha jino ikikaa. Ukiisukutua yote umeitupa hela yako.

Katika darasa letu mzee mmoja alituuliza, "Mwalimu, babu zetu hawakuwa na dawa ya dukani, mbona walikufa na meno yao?" Tulimjibu, "Mzee, swali lako ni zuri. Babu zetu sukari waliipata wapi?" Darasa likacheka, naye akacheka. Mswaki wa mti ni mzuri, tafuna ncha mpaka iwe kama brashi, kata ncha mpya kila siku, ufikishe na upande wa ndani. Ukiwa na dawa ya meno, paka humo humo. Lakini mchanga na mkaa tuviache. Vinakwangua jino, na likishakwanguka halioti upya.

Wengine wakiona damu huacha kupiga mswaki. Kumbe damu mara nyingi ni dalili kwamba ufizi umevimba kwa uchafu! Endelea taratibu. Damu isipokoma kwa wiki mbili hivi, nenda zahanati.

Kwa watoto, anza jino la kwanza linapotokeza. Chini ya miaka 3, dawa iwe kama punje ya mchele, na punje hiyo sisi wa bonde la Kilombero hatuhitaji kuonyeshwa. Toka miaka 3 mpaka 6, iwe kama njegere. Mtoto asiachiwe apige mwenyewe. Akifika miaka 6 hivi huota gego nyuma ya meno ya utoto. Wazazi wengi hudhani nalo litang'oka. Hilo ndilo la maisha, likioza hakuna jingine.

Na hapa tuseme wazi jambo linaloua. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, wapo wanaosema ana "meno ya plastiki", wengine huyaita ya nailoni. Hupelekwa kwa mtu akachimbwa ufizi kwa chuma. Akina mama, akina baba, meno hayo hayapo. Kile cheupe kinachoonekana ni jino la kawaida ambalo bado halijatoka. Mtoto akichimbwa hupoteza damu, huingiwa na vijidudu, na wengine hufa. Wanaopona huenda wakaota meno mabovu ukubwani. Na wakati wote huo malaria au kuhara kwenyewe hakujatibiwa. Mpe ziwa, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti kama anaharisha, na mkimbize zahanati siku hiyo hiyo, hata kama mvua inanyesha na njia ina matope.

Jino la mtu mzima likiuma nalo tusingoje mavuno. Shavu likivimba, ukashindwa kumeza au kupanua kinywa, ni hatari. Mganga wa zahanati atakutazama, na ikibidi atakuandikia barua ya kwenda Ifakara.

Mswaki wa shamba ununue wa pili, kila mtu wake. Uufunge juu ya dungu, pakavu, kichwa kikielekea juu.